Kuibana Serikali kwa Mkataba Iliouridhia Yenyewe: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Lamu na Malindi

Kijana wa Kizingitini anapokwenda kuomba kitambulisho huambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Mwenzake waliyemaliza naye shule, ambaye jina la ukoo wake halimshtui afisa, huchukuliwa alama za vidole siku hiyohiyo na kuondoka na karatasi ya kusubiria. Hapa pwani ya kaskazini jambo hili tumelizoea kama tunavyouzoea upepo wa kusi: ukija unaukalia ndani mpaka upite. Mwongozo huu ni wa wale waliochoka kulikalia ndani.

Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 21 Desemba 1965, ukaanza kufanya kazi tarehe 4 Januari 1969. Kenya ilijiunga nao tarehe 13 Septemba 2001. Hakuna aliyeilazimisha. Kuanzia siku hiyo Serikali ilijifunga kwamba itawatendea watu sawa mbele ya mahakama na polisi, katika uraia, umiliki wa mali, kazi, nyumba, afya na elimu, na kwamba atakayebaguliwa atapata nafuu ya kweli. Ahadi hizo zimo katika vifungu vya 2, 5 na 6, na hivyo ndivyo vitakavyokurudia mara nyingi katika barua zako.

Hakikisha kwanza kwamba jambo lako linaingia

Kifungu cha 1 kinataja misingi ya ubaguzi: mbari, rangi ya ngozi, nasaba, na asili ya kitaifa au ya kikabila. Kinasema pia kwamba tendo ni la ubaguzi likiwa na kusudi *au matokeo* ya kumnyima mtu haki yake. Neno "matokeo" ndilo litakalokusaidia. Huna haja ya kuthibitisha kwamba karani anawachukia Wabajuni. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba utaratibu wake unawaumiza Wabajuni, Waswahili wa Amu, Wasomali au Waarabu kuliko wengine, na kwamba hakuna sababu ya haki inayouhalalisha.

Kuna mashimo mawili ambayo wengi hutumbukia.

La kwanza ni dini. Malalamiko yakisema tu "tunabaguliwa kwa sababu ni Waislamu", mkataba huu hauyapokei, kwa kuwa dini haimo katika misingi ya kifungu cha 1. Mwaka 2007 Kamati inayousimamia ilikataa malalamiko kutoka Denmark kwa sababu hiyohiyo. Hapa kwetu dini, nasaba na kabila mara nyingi humkuta mtu mmoja, kwa hiyo andika vyote: kwamba aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ni Mbajuni, kwamba alitambuliwa kwa kanzu, kofia au lafudhi, na kwamba abiria wengine wa basi lilelile hawakuulizwa kitu. Suala la dini pekee lipeleke kwa Katiba na kwa Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imo tangu 1972.

La pili ni uraia. Kifungu cha 1 aya ya 2 kinairuhusu nchi kutofautisha raia na wasio raia, na wakili wa Serikali atakikimbilia: "Hawa hawajathibitika kuwa raia." Jibu lako liko mahali pawili. Aya ya 3 ya kifungu hichohicho inakataza sheria za uraia kubagua kundi lolote mahsusi la kitaifa, na Pendekezo la Jumla namba 30 la mwaka 2004, lililotolewa na Kamati, linaeleza wajibu wa nchi kwa watu ambao uraia wao unatiliwa shaka. Kisha rudi kwenye hoja ya msingi: kinacholalamikiwa ni kuwapima watu wanaodai uraia uleule kwa vipimo viwili.

Kama shida ni polisi kusimamisha watu kwa sura na majina, andiko la kushika ni Pendekezo la Jumla namba 36 la mwaka 2020. Matamshi ya chuki yana namba 35 la mwaka 2013. Jamii za asili, kama Waaweer wa bara ya Lamu wanaopigania msitu na ardhi zao, wana namba 23 la mwaka 1997.

Meno ya mkataba yako nyumbani

Katiba ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyoamuliwa Januari 2021, ilieleza namna majaji wanavyoweza kuitumia sheria ya kimataifa kutatua kesi za hapa. Hata hivyo usiende mahakamani na mkataba peke yake. Uambatanishe na Ibara ya 27 (usawa, kabila, rangi, lugha na mavazi yametajwa humo kwa majina), Ibara ya 12 (haki ya raia kupata pasipoti na hati za utambulisho), Ibara ya 47 (uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, wa haraka na wenye sababu za maandishi) na Ibara ya 56 (jamii ndogo na zilizotengwa). Jaji hukaa kwa starehe zaidi juu ya Katiba. Mkataba humsaidia kuona Katiba inamaanisha nini.

Katika ajira kuna tarakimu za kushika. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Sheria hizi hukata pande zote. Serikali ya kaunti ya Lamu au Kilifi inayomnyima kazi Mpokomo, Mgiriama au Mkikuyu kwa kabila lake inavunja mkataba uleule, na kikundi kinachopiga kelele upande mmoja tu hakitaaminiwa na mtu.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi nyingi za ubaguzi hufa hapa, zamani kabla hazijamfikia jaji, kwa sababu watu wana uchungu mwingi na karatasi chache.

Tengeneza daftari moja la kurasa ngumu, kila tukio ukurasa wake. Andika tarehe na saa mtu alipofika. Ofisi na dawati. Cheo cha afisa, na jina kama analo kwenye beji. Hati zote alizobeba. Alichoulizwa zaidi ya fomu inavyotaka. Maneno yenyewe aliyoambiwa, kwa lugha aliyoambiwa. "Nyinyi watu wa visiwani lazima mpigwe msasa", yaani mchunguzwe zaidi ya wengine, ni ushahidi. "Alituongelesha vibaya" si kitu. Halafu andika alichopewa kwa maandishi, au kwamba hakupewa chochote, na tarehe aliyoambiwa arudi. Malizia na gharama: nauli ya boti kutoka Faza hadi Amu, malazi ikiwa ilibidi alale, kazi ya siku iliyopotea. Gharama hizi husahauliwa na kila mtu, na ndizo mahakama itakazozitazama ikifika kupima fidia. Mhusika aweke saini au dole gumba siku ileile, na shahidi mmoja aweke lake.

Ukurasa mmoja hauthibitishi ubaguzi. Unahitaji wa kulinganisha naye. Tafuta mtu wa umri uleule, aliyekwenda ofisi ileile, katika mwezi uleule, akiwa na hati zilezile, ila wa jamii nyingine, umjazie ukurasa wake vilevile. Jozi 15 zilizojazwa vizuri zina uzito kuliko ombi lenye saini 500. Saini husema watu wamekasirika. Jozi huonyesha kwamba kitu pekee kilichobadilika ni nasaba.

Hesabu siku kutoka alama za vidole hadi kitambulisho mkononi kwa kila mmoja. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa na utaje ile ya katikati, usitaje wastani. Mtu mmoja aliyesubiri miaka sita ataupandisha wastani mpaka wakili wa Serikali aseme umetia chumvi. Ile ya katikati haipandishwi na mtu mmoja.

Tahadhari tatu kabla hujaendelea.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha shule Muhammad, kitambulisho cha baba Mohammed. Mama ni Mwanaisha hapa, Aisha pale. Serikali itasema iliwakataa kwa sababu hati hazikubaliani, na itakuwa na hoja. Kila mwenye tofauti kama hii aape kiapo cha jina mbele ya kamishna wa viapo *kabla* ya kurudi dirishani, na nakala yake iingie daftarini. Akikataliwa baada ya hapo, kisingizio kimekwisha.

Viapo vya kunakiliana. Hati kumi za kiapo zenye sentensi zilezile huonekana zimeandikwa na mtu mmoja, na zote kumi hupoteza nguvu. Kila mtu aeleze kwa maneno yake, hata kama Kiswahili chake ni cha Siyu au cha Kiunga na karani anataka kukinyoosha.

Faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti. Pata ridhaa ya maandishi, ikieleza taarifa itatumikaje na nani ataiona. Katika ripoti tumia namba (L-07, M-12), na orodha ya majina iwekwe mbali na daftari, kwa mtu mmoja anayeaminika.

Barua ya kuomba taarifa

Daftari linaonyesha upande wako. Upande wa Serikali uko ndani ya makabati yake, na ufunguo wake ni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo, kwa hiyo usikubali kurudishwa kwa sababu ya lugha. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Ombi lenyewe halilipiwi. Utalipia kutoa nakala tu.

Andika hivi, ukibadilisha panapohitajika:

*Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Taarifa. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, naomba: (1) nakala ya waraka, agizo au mwongozo wowote unaotumika katika ofisi yako kuwapiga msasa waombaji wa kitambulisho, pamoja na kifungu cha sheria unachotegemea; (2) idadi ya maombi yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na yanayosubiri, kwa kila lokesheni na kwa kila mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba mwaka uliopita; (3) vyeo vya wajumbe wa kamati ya msasa, bila majina, na aliyewateua; (4) orodha ya hati zinazotakiwa kwa kila mwombaji. Naomba nijibiwe ndani ya siku 21 kama sheria inavyotaka.*

Angalia sehemu ya pili. Ukiomba takwimu za kikabila utaambiwa hazipo au ni siri. Ukiomba za lokesheni, ni vigumu kukataliwa, na katika kaunti kama Lamu, ambapo Faza, Basuba, Mpeketoni na Witu kila moja ina wakazi wanaojulikana, takwimu za lokesheni zitakusimulia mengi.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi. Muda ni siku 21. Unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14 zaidi. Taarifa inayohusu uhai au uhuru wa mtu, mfano aliyekamatwa kwenye msako na hajulikani alipo, hutolewa ndani ya saa 48. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Ukimya pia ni ushahidi. Bandika stakabadhi ya posta daftarini.

Haki ya Ibara ya 35 ni ya raia. Asiye na kitambulisho asiombe kwa jina lake, maana atajibiwa athibitishe uraia kwanza. Aombe mzee wa mtaa, mwalimu au kikundi chenye mwanachama raia.

Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za mipakani, na tangazo hilo likapelekwa mahakamani. Usiandike barua yako ukitegemea tangazo. Uliza ofisi imepokea waraka gani, wa tarehe gani, na uambatanishiwe nakala. Tangazo la jukwaani na waraka wa ofisini mara nyingi hazikutani.

Kuchagua mlango

Kosa kubwa ni kugonga milango yote siku moja kwa barua ileile. Jiulize kwanza unataka nini: mtu huyu apate kitambulisho mwezi huu, au utaratibu wenyewe ubadilike?

Kwa mtu mmoja, anza na barua ya kudai sababu za maandishi chini ya Ibara ya 47 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015. Mara nyingi barua hiyo pekee hulegeza mambo, kwa sababu afisa haoni raha kuandika sababu ambayo hawezi kuitetea. Isipolegea, lalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ambayo mbali na jinsia inashughulikia pia jamii ndogo na zilizotengwa. Matamshi ya chuki na upendeleo wa kikabila kazini ni ya Tume ya Uwiano na Utangamano. Tume hazitozi ada. Udhaifu wao ni kuchelewa na kwamba mapendekezo yao mara nyingi hayafungi mtu. Faida ni kwamba barua yao kwa wizara hujibiwa, na jibu hilo linaingia daftarini.

Utaratibu ukiwa ndio adui, nenda Mahakama Kuu, Malindi au Garsen. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya wasioweza, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma, na inakataza kutoza ada ya kufungua kesi ya haki za msingi. Kanuni za mwaka 2013 zinazosimamia kesi hizi zinaruhusu hata barua isiyo rasmi kupokelewa, ila usizitegemee kama una njia ya kupata wakili. Ombi la kikatiba linataka, miongoni mwa mengine, mambo haya: mlalamikaji ni nani, nini kilitokea, kifungu gani kimevunjwa, madhara gani yamepatikana, na unaomba nini. Mashirika ya Mombasa kama MUHURI na HAKI Africa, na Kituo cha Sheria, wamezoea kesi za aina hii. Waendee na daftari lililojaa, watakusikiliza tofauti.

Katika "unaomba nini" ndipo kesi nyingi hupoteza maana. Usiombe mahakama itangaze tu kwamba ubaguzi ni mbaya. Omba agizo kwamba waraka wa msasa ubatilishwe, kwamba maombi yaliyotajwa katika jedwali yaamuliwe ndani ya siku 60, na kwamba ofisi iwasilishe mahakamani ripoti ya utekelezaji kila baada ya miezi mitatu. Agizo lisilo na tarehe hulala.

Uvumilivu ni lazima. Kesi ya wavuvi wa Lamu dhidi ya ujenzi wa bandari ya LAPSSET ni ya 2012. Mahakama Kuu Malindi ilitoa hukumu tarehe 30 Aprili 2018, ikakuta kwamba haki ya utamaduni, ya taarifa na ya kushirikishwa zimevunjwa, na kuagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Haikuwa kesi ya ubaguzi wa rangi, lakini inafundisha kitu: ilihitaji orodha ya wavuvi, jina kwa jina, na kila aliyekosekana kwenye orodha alijiweka pabaya.

Bunge nalo lisisahauliwe. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 mpaka wakatambuliwa kuwa raia, na Wapemba wa pwani, wengi wao wavuvi, walitambuliwa mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kudai. Siasa zikikubali kusikiliza, huenda haraka kuliko mahakama.

Ripoti mbadala kwa Kamati ya Geneva

Hapa ndipo mkataba unaposimama kwa miguu yake. Kamati ina wataalamu 18. Kila nchi huwasilisha ripoti. Kifungu cha 9 kinasema kila miaka miwili, ingawa kwa kawaida ripoti kadhaa huunganishwa. Kenya ilihojiwa, miongoni mwa nyakati nyingine, mwaka 2011 na mwaka 2017. Malalamiko ya mtu binafsi chini ya kifungu cha 14 hayawezekani kwetu kwa sababu Kenya haijatoa tamko la kuyakubali, kwa hiyo ripoti mbadala, yaani ripoti ya wananchi inayosomwa kando ya ile ya Serikali, ndiyo njia yako. Kikundi cha Pate au cha Ngomeni kinaweza kuituma bila hadhi yoyote ya ushauri katika Umoja wa Mataifa.

Anza kwa kusoma maoni ya mwisho ambayo Kamati iliipa Kenya mara ya mwisho. Toa aya zinazogusa pwani: vitambulisho, ardhi, jamii ndogo, polisi. Kila aya iandike juu ya karatasi, chini yake andika Serikali ilifanya nini tangu wakati huo, kisha daftari lako linasemaje. Mjumbe wa Kamati akiona ahadi, pengo na ushahidi katika ukurasa mmoja, swali lake limeshaandikwa.

Halafu soma ripoti ya Serikali yenyewe, iliyo hadharani kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Itasema sheria fulani ilipitishwa. Usipinge kwamba sheria ipo. Onyesha kinachotendeka dirishani.

Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili hakimo katika lugha za kazi za Kamati. Ripoti iwe fupi: aya zenye namba, muhtasari wa ukurasa mmoja mbele, na kila dai likiwa na chanzo chake. Kila suala lifuatwe na pendekezo moja linaloweza kupimwa. Linganisha haya mawili. "Serikali ikomeshe ubaguzi dhidi ya jamii za pwani" litaingia kwenye rafu. "Ndani ya miezi 12 Serikali ichapishe orodha moja ya hati zinazotakiwa kwa waombaji wote wa kitambulisho nchini, na itoe kila mwaka takwimu za muda wa kusubiri kwa kila lokesheni" linaweza kunakiliwa na Kamati neno kwa neno, na mwaka ujao utaweza kuuliza kama limetekelezwa.

Tarehe ya mwisho ya kutuma hutangazwa kwenye ukurasa wa kikao husika, wiki kadhaa kabla kikao hakijaanza. Ripoti ikichelewa, mtaalamu anayeshughulikia Kenya atakuwa ameshaandaa maswali yake. Sema wazi kama unataka ripoti ichapishwe au ibaki siri. Vikundi vidogo vya kaunti moja viungane: ripoti moja ya Lamu, Tana River na Kilifi itasomwa kwa makini kuliko vijikaratasi sita. Kabla ya kikao Kamati hukutana na mashirika. Ukipata dakika mbili au tatu za kuzungumza, sema jambo moja.

Kikao na Serikali huwa cha saa 3, mara mbili, kwa siku mbili zinazofuatana, na huonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa. Kaeni pamoja mkiangalia, ukumbini au barazani. Andikeni kila ahadi ya mkuu wa ujumbe wa Serikali, na dakika aliyoitoa. Kamati ikishatoa maoni yake, huchagua mapendekezo machache ambayo nchi inatakiwa kuyaripoti ndani ya mwaka mmoja. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda, na mwezi mmoja kabla yake tumeni kurasa mbili za hali ilivyo.

Jambo likiwa la dharura, kama kufukuzwa kwa jamii nzima kwenye ardhi au msako wa kikabila, usisubiri kikao. Tangu 1993 Kamati ina utaratibu wa tahadhari ya mapema. Wapo pia wajumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ubaguzi wa rangi na ya jamii ndogo: wao hawadai kwamba uwe umemaliza mahakama za nyumbani, na barua yao kwa Serikali huipa siku 60 za kujibu kabla haijachapishwa.

Katika Mapitio ya Jumla ya Mara kwa Mara, ambayo ni zamu ya nchi za Umoja wa Mataifa kukaguana kuhusu haki za binadamu, na ambapo Kenya ilipitiwa 2010, 2015, 2020 na 2025, shirika moja huruhusiwa maneno 2,815 na muungano maneno 5,630. Yakizidi hayasomwi.

Banjul na Arusha

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, hupokea malalamiko ya watu na mashirika dhidi ya Kenya, ila kifungu cha 56 cha Hati ya Afrika kinataka njia za nyumbani ziwe zimemalizwa, au zionekane zimevutwa kupita kiasi. Ndiyo maana kila tarehe ya kuahirishwa kwa kesi yako hapa inapaswa kuandikwa. Watoto wa Kinubi walishinda mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto mwezi Machi 2011 kwa suala linalofanana sana na letu: kuzaliwa Kenya na kukosa uhakika wa uraia kwa sababu ya asili. Mahakama ya Afrika ya Arusha haipokei mtu binafsi kutoka Kenya moja kwa moja, kwa kuwa nchi haijatoa tamko linalohitajika. Kesi ya Waogiek ilipelekwa huko na Tume. Wakashinda Mei 2017, na Juni 2022 Mahakama ikaagiza fidia ya shilingi milioni 157.85.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, iko wazi kwa mkazi yeyote wa Jumuiya bila kumaliza kesi za nyumbani. Shida ni muda: miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au kujulikana. Wengi huifikia wakiwa wamechelewa. Ukidhani utaihitaji, mtafute wakili wiki ileile ulipopata barua ya kukataliwa.

Usalama wa wanaosema

Shahidi anayetegemea chifu kwa barua ya kila kitu yuko hatarini kuliko mwenye duka. Mwulize kila mmoja, faraghani, nini kinaweza kumpata, na umwache ajitoe hata siku ya mwisho. Asiwepo mtu atakayeongeza hati ya kughushi kwenye faili lake, hata kama amesubiri miaka. Hati moja ya uongo ikigunduliwa, Serikali itawasomea wote kwa hiyo. Vitisho vikitokea, viandikwe daftarini siku ileile kama tukio lingine, viripotiwe polisi ili mpate namba ya OB (daftari la matukio la kituo), na nakala itumwe kwa sekretarieti ya Kamati, ambayo ina mjumbe anayefuatilia visasi dhidi ya wanaoshirikiana nayo. Nakala za daftari zikae mahali patatu tofauti, na mojawapo iwe nje ya kaunti.